Kaye Moja, Majina Matatu

Papa Muhindo, mwenye duka la sabuni na chumvi karibu na kiwanja cha Mama Mwalimu Françoise, anasema aliona kila kitu kwa macho yake mwenyewe. Anasema siku ya Jumanne, saa tisa za mchana, mama mmoja mzungu alitokea ndani ya simu, akaanza kufokea watu wa Alunguli, mtaa huu wa Kindu, kwa Kifaransa kikubwa. Alimwita Okito mwizi. Okito akalia. Ndipo Mama Mwalimu aliposimama na kujibu kwa Kifaransa kikubwa zaidi, kile alichofundishwa na masista wa zamani, mpaka simu ikazimika yenyewe, na kule Kanada, ati, watu wakakosa mtandao siku nzima.

Kila anayenunua sabuni hupewa hadithi hiyo, na kila mara inaongezeka kidogo. Jumatano asubuhi mama mzungu alikuwa mmoja. Jumatano jioni walikuwa watatu, na mmoja wao ameshika fimbo.

Zaina, mshonaji wa nguo, alikuwa ndani ya kiwanja siku hiyo, karibu na simu kuliko Papa Muhindo, na hakuna mtu aliyefoka. Afadhali wangefoka. Mtu akifoka unajua hasira yake inaishia wapi. Yule mama aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini, tena kwa adabu, na swali lile ndilo lililomnyima Zaina usingizi.

Jambo lenyewe lilianza na Okito, kijana wa Kibombo aliyepanga chumba kwa Mama Mwalimu. Yeye ndiye aliyegundua kwamba chuo kimoja cha Kanada kinafundisha kozi kwa njia ya simu, bila malipo, kwa muda wa miezi minne. Walifundisha kitu ambacho Zaina hakuwahi kufikiri kwamba kinafundishwa: namna ya kuishi na kufanya kazi na watu wasio wa kwenu. Wanafunzi walikuwa Kanada, Romania, Maroko na Vietnam, wote wakiongea Kifaransa, kila mmoja na chake. Walikutana kwenye simu Jumanne na Alhamisi. Sharti lilikuwa moja, diploma ya sekondari.

Okito alikuwa na diploma, lakini simu yake ilipasuka kioo. Chérie, binti wa dada ya Papa Muhindo, alikuwa na simu nzuri na diploma pia, ila alisikia habari ya kozi wakati majina yamekwisha kufungwa. Basi wakaunganisha: jina la Okito, simu ya Chérie. Zaina hakuwa na simu ya namna hiyo wala diploma. Alikuwa na cherehani yake chini ya baraza la Mama Mwalimu, na miaka sita ya primeri, shule ya msingi, aliyoimaliza zamani.

Mwanzoni alisikiliza tu huku akishona. Siku ya pili aliacha kukanyaga cherehani ili kelele isiwasumbue. Siku ya tatu aliuliza swali. Mama Mwalimu, aliyekuwa akichagua mawe kwenye mchele, hakuinua hata kichwa.

"Leta kiti," akasema. "Swali haliulizwi kutoka kwenye mlango."

Kutoka siku hiyo walikuwa watatu mbele ya simu moja, picha ikimwonyesha Okito peke yake, na simu ilisimama ndani ya kopo la maziwa lililojazwa mchanga ili isianguke. Mama Mwalimu yeye hakukaa mbele ya simu hata mara moja. Alikaa upande, na ubao wake mdogo wa kuandikia kwa chokaa, akiandika majina ya wale wageni na chini ya kila jina kitu alichokisikia: huyu anacheka anapoona haya, huyu akinyamaza, anafikiri, hajakasirika. Alikuwa amepita miaka sitini na tano, amestaafu, magoti yanamuuma, lakini ubao ule aliufuta na kuuandika upya kila Jumanne na kila Alhamisi kama mwalimu anayeanza kazi.

Wiki ya kwanza ya kukaa watatu, waliharibu. Walipewa nusu saa waongee na Ileana, msichana wa Romania, wapange pamoja kazi ndogo. Okito akaanza kama inavyotakiwa. Akamuuliza ameamkaje. Akamuuliza habari za mama, za baba, za wadogo zake, kama bibi bado yuko, kama mvua imenyesha kwao, kama wamekula. Ileana alijibu mbili za kwanza, kisha akaanza kuangalia saa. Dakika kumi na tano zikaisha. Akasema kwa upole kwamba labda waingie kwenye kazi. Wakaingia, lakini vijana wote wawili walikuwa na huzuni, na simu ilipozimwa Chérie akasema wazi: yule msichana ana kiburi, au kwao kuna kilio na hataki kusema.

Zaina aliona kitu kingine. Aliona kwamba kila mara Okito alipouliza habari ya mtu wa nyumbani, Ileana alifunga daftari lake kidogo, kama mtu anayefunga mlango bila kuupiga. Akamwambia Mama Mwalimu. Mama Mwalimu akaandika hilo chini ya jina la Ileana.

"Umeona vizuri," alisema. "Sasa musimuhukumu. Mumuulize: kwao, heshima njo kitu gani?"

Alhamisi wakamuuliza. Ileana akafikiri, akajibu kwamba kwao ukimheshimu mtu hupotezi muda wake, kwa sababu muda ni kitu chake na si chako. Okito akaeleza kwamba kwetu ukimheshimu mtu huwezi kumwomba kazi kabla hujajua kama ameamka na watu wake wote. Ileana akacheka, akaweka mkono mdomoni, akasema basi tangu siku ile alifikiri wanampeleleza. Okito naye akamwambia wao walifikiri kwao Romania kuna msiba. Wakakubaliana: dakika tano za salamu, za kweli, kisha kazi. Na Ileana akawa wa kwanza kuuliza habari ya magoti ya Mama Mwalimu, mtu ambaye hakuwahi kumwona sura.

Wiki zilivyopita, Zaina alibadilika. Wateja waliokuja kushonesha waliona kwamba siku hizi anauliza kabla ya kukata: kwenu mama mkwe anavaaje, kitambaa hiki ni cha kilio au cha sherehe. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kwa mara ya kwanza tangu utoto alingoja Jumanne kama mtu anayengoja chakula.

Kisha ikaja kazi ya kurasa tatu: Mimi na watu wangu.

Hapo ndipo walipokosea, na kosa lenyewe walilifanya kwa moyo mweupe. Walikaa chini ya baraza, wakagawana. Zaina aliandika ukurasa wake kwa Kiswahili, Chérie akautia katika Kifaransa. Okito akaandika wake. Chérie wake. Kila mmoja aliandika "mimi", kwa sababu swali lilisema "mimi". Juu wakaweka jina la Okito, kama unavyoandika jina moja juu ya kaye, daftari la shule, hata ikiwa kaye ni ya watoto watano. Hakuna aliyeona ubaya. Hata Mama Mwalimu, aliyesoma kurasa zote tatu na kurekebisha vituo, hakuona ubaya, na baadaye alisema kosa hilo ni lake kabla ya kuwa la mtu mwingine, maana yeye ndiye aliyewazoesha hivyo.

Jumanne, Ileana ndiye aliyepangiwa kusoma kazi ya Okito mbele ya wote. Alikuwa anatabasamu.

"Okito," akasema, "kwenye ukurasa wa kwanza bibi yako wa Kasongo amekufundisha kufunga Ramadhani na kupika wali kwa mawese. Kwenye ukurasa wa pili baba yako ni katekista Kibombo na wewe ulibatizwa mtoni. Kwenye ukurasa wa tatu ulizaliwa Butembo, wewe ni msichana, na mjomba wako ana duka la sabuni na anapenda kuongeza chumvi kwenye hadithi. Nimewapenda wote. Lakini mko wangapi?"

Kundi zima likacheka, Maroko mpaka Vietnam. Okito naye akacheka. Madame Odile, mkuu wa kozi, hakucheka. Ndiye mama aliyetokea kwenye simu. Mwenye nywele fupi nyeupe, sauti ya chini. Akaomba wageuze simu aone ni akina nani wamekaa hapo. Okito akaigeuza. Chérie akapunga mkono. Zaina akavuta kiti nyuma, polepole, mpaka likabaki bega lake tu kwenye picha.

Ndipo Madame Odile alipouliza swali lake. "Mwanafunzi wangu ni nani kati yenu?"

Akaeleza, bila hasira, kwamba jina moja ni la mtu mmoja; kwamba cheti hakiwezi kupewa mtu ambaye kazi yake hawajui ameifanya nani; kwamba anataka jibu Alhamisi. La sivyo jina la Okito litaondolewa, na kozi ilikuwa imebakiza wiki tatu. Akaongeza kwamba Chérie, akiwa na diploma, anaweza kuombewa nafasi. Kuhusu wengine, kama wapo, sharti ni lile lile.

Zaina alirudi kwenye cherehani. Alishona mkono wa blauzi mahali pa kola, akaufumua, akaushona tena pale pale.

Jumatano walikaa tena, bila simu. Okito alikuwa na aibu, akazunguka maneno. Mwishowe akasema pengine waseme Yaya Zaina, kama alivyomwita kwa heshima ya dada mkubwa, ni jirani tu, alipita kusalimia. Hakumwangalia Zaina alipoyasema. Chérie akakataa, akaleta shauri lingine, na shauri hilo lilikuwa na utamu wake. Waseme Zaina alikuwa na diploma, ikaungua wakati wa vita. Nani ataweza kukataa? Kindu hii watu wangapi karatasi zao ziliungua, na vyeti vya ndoa, na karatasi za viwanja? Hata huko Kanada wakitafuta, watamwuliza nani?

Lilikuwa shauri zuri. Zaina aliligeuza kichwani kama anavyogeuza kitambaa kutafuta upande wake wa nje. Sentensi moja tu, na angebaki. Akamtazama Mama Mwalimu. Mama Mwalimu alikuwa akimenya karanga na hakusema kitu. Uso wake haukumsukuma huku wala huku. Zaina alimjua. Alipotaka mtu aamue mwenyewe, alinyamaza hivyo, na kunyamaza kwake kulikuwa kugumu kuliko hotuba.

"Wakati wa vita nilikuwa na miaka saba," Zaina akasema. "Mutoto wa miaka saba, diploma gani iliungua?"

Chérie akacheka kwanza, kisha wote. Lakini Zaina hakucheka sana, kwa sababu kusema neno vita mbele ya Mama Mwalimu kulimrudisha kwenye kelasi, darasa alilofundishwa naye wakati huo.

Ilikuwa mwaka ambao njia zote za Kindu zilifungwa. Treni haikuja. Watu waliogopa kwenda shambani, na mji ukajaa wageni ambao hawakutaka kuwa wageni: watu wa Kalima, watu wa Obokote waliotembea siku nyingi msituni, wafanyabiashara wa Kinande walioshindwa kurudi kwao Butembo. Watoto wao walitupiana mawe. Shule zilikuwa zimefungwa. Mama Mwalimu, mwembamba wakati huo kama kila mtu, aliwakusanya watoto arobaini chini ya paa la kanisa, na alikuwa na kaye nane. Akagawa kaye moja kwa watoto watano, na akahakikisha hakuna watano waliotoka sehemu moja.

Halafu akaweka sheria yake. Hakuna mtoto anayejibu kwa ajili yake mwenyewe. Unasimama, unasema jibu la mwenzako aliye kulia. Kama hukumsikiliza, huna la kusema, unakaa chini na kaye inapita. Zaina alikaa karibu na Elie, mtoto wa Obokote asiyejua Kiswahili kizuri, na wiki mbili nzima alimchukia kwa sababu alikuwa akipitwa na kaye. Mpaka akajifunza maneno ya Elie. Wiki ya tatu Elie akaanza kusema majibu ya Zaina vizuri kuliko Zaina mwenyewe.

Siku moja askari waliingia. Mkubwa wao aliuliza watoto hawa ni wa kabila gani, na ni akina nani waliowaficha humo. Zaina anakumbuka viatu vyake, kimoja kilifungwa kwa waya. Mama Mwalimu hakupandisha sauti. Alisema, "Watajibu wao. Munajua namna ya kujibu." Na Zaina akasimama kwanza kwa sababu alikuwa mdogo na hakujua kuogopa vya kutosha. Akamwonyesha Elie. "Huyu anaitwa Elie. Ni wa kaye yetu. Anapenda kulala na hajui mustari wa tatu wa somo." Elie naye akasimama, akasema huyu wa kaye yetu anaitwa Dieudonné, hapendi maharagwe. Wakaenda hivyo mstari baada ya mstari, arobaini, na yule askari hakupata kabila hata moja la kushika. Aliwasikiliza mpaka mtoto wa mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, kama kuna maji ya kunywa.

Zaina hakuwahi kuwasimulia hilo Okito na Chérie. Jumatano ile akawasimulia. Mama Mwalimu alisema tu kwamba watoto walikuwa thelathini na wanane, maana wawili walikuwa na malaria siku hiyo.

Alhamisi, saa tisa, Mama Mwalimu alifuta ubao wote. Hakuandika kitu. Akawaambia hatawasemea, hajui Kanada, lakini wao wanajua namna ya kujibu.

Okito ndiye aliyeanza. Hakujieleza. Alisema, "Madame, kulia kwangu ni Yaya Zaina. Ukurasa wa kwanza ni wake. Yeye ndiye aliyeona kwamba Ileana anafunga daftari tukiuliza juu ya mama yake, mimi sikuona. Maswali tunayowauliza kila Jumanne kwa jina langu, mengi ni yake. Ana primeri tu, na jana mimi nilitaka kusema kwamba yeye si mtu wetu. Nimekosa."

Chérie akamsemea Okito: kwamba hakuiba jina la mtu, alilifungua lake ili wengine waingie. Zaina akamsemea Chérie, kwa Kiswahili, na Chérie ikambidi atafsiri sifa zake mwenyewe, akaona haya mpaka akaziruka mbili, na Okito akazirudisha. Wakaeleza kaye ni nini. Wakaomba msamaha kwa kuandika "mimi" mahali pa watu watatu bila kuuliza kwanza kama huko inaruhusiwa. Hilo, wakasema, ndilo somo lenyewe la kozi, nao walilisahau.

Ileana akainua mkono. Alisema kwamba miaka yote ya shule amefundishwa kujieleza, na hakuna siku aliyoulizwa kueleza aliye kulia kwake. Akaomba wiki ijayo kundi zima lifanye hivyo, kila mmoja aseme kazi ya mwingine. Kijana wa Maroko akasema naye anataka. Madame Odile akakubali, akaiandika. Akasema pia kwamba jina la Okito halitaondolewa, na kwamba Chérie ataandikwa siku hiyo hiyo. Kisha akauliza yule mama mwingine yuko wapi, yule wa ukurasa wa kwanza, kwa sababu bado anaona bega tu.

Zaina akasogeza kiti. Kwa mara ya kwanza uso wake wote uliingia kwenye simu, na akajiona pale pembeni, mdogo, na kitambaa chake cha kichwa cha kijani.

Chérie akafungua mdomo ili amtafsirie. Zaina akamshika mkono. Kifaransa alichokuwa nacho kilikuwa cha darasa la sita, cha kusoma kwa kufuata mstari na kidole, na alikitumia chote.

"Madame, mimi ninaitwa Zaina, binti ya Abdoul. Nimesoma primeri tu. Karatasi yangu haikuungua, sikuwahi kuipata. Sheria yenu nimeisikia, na sitaki kuivunja tena. Lakini naomba jina langu liandikwe hapo, chini ya majina yao mawili, ili nimalize hizi wiki tatu kama mwanafunzi."

Madame Odile alivua miwani. Aliangalia karatasi ya majina iliyokuwa mbele yake, akageuza ukurasa, akaurudisha. Ileana alikuwa ameegemea mbele mpaka paji la uso wake lilijaza kioo. Mama Mwalimu aliweka chokaa chini, akakunja mikono yake kifuani. Zaina hakurudisha kiti nyuma. Alikaa hapo hapo, akiangalia kalamu ya Madame Odile, iliyokuwa wazi na haijagusa karatasi.